Kidonda cha Moto Kisichouma

Wengi wetu hupima jeraha la moto kwa kilio cha aliyeungua. Mtoto akimwagikiwa na chai akalia hata majirani wakakusanyika, mara hutafutwa gari, hukopwa fedha, naye hufikishwa hospitali kabla jua halijatua. Lakini fundi aliyeshikwa na moto wa petroli mkononi, akatazamwa siku ya pili na kuonekana ngozi yake imekauka, imekuwa ngumu kama kiatu wala haimwumi hata ikiguswa, huyo huambiwa, "Pole sana ndugu, lakini twashukuru kinaanza kukauka." Watu huondoka wamefarijika, naye husalia kitandani mwake. Basi yatupasa tuseme wazi: kati ya hao wawili, huyu wa pili anayenyamaza ndiye mara nyingi aliye katika hatari kubwa zaidi.

Habari tunayotaka kuieleza leo ni ya hilo gamba gumu lisilouma. Lugha yetu inalo neno kigaga, nalo hutumika kwa kila kitu kikavu kinachofunika kidonda, kiwe cha kujikwaa, cha upele au cha moto. Madaktari hutenganisha. Gamba la jeraha la moto lililozama ndani wamelipa jina walilolirithi kwa Wayunani wa kale, eskara, neno ambalo maana yake ya kwanza ni meko, mahali pawashwapo moto. Sisi hatuna haja ya kwenda kuazima kwa Wayunani, kwa maana mpishi yeyote wa wali aujua ukoko. Ukoko ni wali ule ule, ila uligusana na moto kupita kiasi, ukakauka, ukashikamana na sufuria, wala hakuna awezaye kuurudisha kuwa wali tena. Gamba la moto ni ngozi ile ile iliyokuwa hai asubuhi, nayo imepikwa.

Ili tofauti hii ieleweke ni lazima tuitazame ngozi yenyewe. Ngozi ya mtu ina tabaka mbili. Ile ya juu ni nyembamba kama karatasi, haina damu, na kila siku hupukutika na kuzaliwa upya. Ile ya chini ni nene na imara. Kwa ng'ombe, hiyo ndiyo tunayoivaa miguuni. Humo ndani mmepita mishipa ya damu na mishipa ya fahamu iletayo maumivu, tena mmesimama mashina ya nywele na vifuko vya jasho. Mashina hayo ndiyo siri ya kupona, kwa kuwa yamezungukwa na mbegu za ngozi ya juu. Moto ukiunguza ngozi ya juu pamoja na sehemu ndogo tu ya ile ya chini, yatokea malengelenge, jeraha hutoka maji na kuuma vikali, kwani mishipa ya fahamu ingali hai. Maji hayo yakikauka pamoja na damu kidogo hufanya kigaga. Chini yake, kutoka katika kila shina la unywele, mbegu hutambaa kama majani yachipuavyo baada ya mvua, hukutana, na kwa muda wa wiki mbili, pengine tatu, ngozi mpya imekwisha kuezekwa. Kigaga kikimaliza kazi yake huanguka chenyewe. Hicho ni rafiki, nacho hakistahili kubanduliwa kwa kucha.

Moto ukizama mpaka chini, mambo hugeuka. Ngozi huganda kama ute wa yai uguswao na mafuta ya moto. Mishipa ya damu huziba. Mishipa ya fahamu hufa, na maumivu hufa pamoja nayo. Pembeni tu, ambako moto haukufika sana, ndiko kunakouma. Mashina ya nywele hufa, na unywele ukivutwa hutoka bila mwenyewe kusikia. Mbegu hakuna tena. Jeraha la namna hiyo haliwezi kupona ila kwa ngozi kuingia kidogo kidogo kutoka kingoni, na likiwa pana safari hiyo haifiki mwisho. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hatudhani walikuwa wakifikiri habari za moto, lakini hapa usemi wao wafaa.

Rangi nayo hutudanganya. Mtu mweusi akiunguzwa juu juu, ngozi yake nyeusi hutoka na chini huonekana wekundu mbichi, jambo ambalo hutisha sana watazamaji. Akiunguzwa mpaka ndani, gamba laweza kuwa jeupe kama nta, au la kahawia, au likabaki jeusi karibu na rangi yake mwenyewe, nasi tukasema ngozi haikuharibika. Wala si lazima pawe na ndimi za moto. Mwaka 1947 wachunguzi wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Moritz na Henriques, walionyesha kwamba kitu chenye joto la nyuzi 44 huhitaji kukaa juu ya ngozi saa 6 hivi ndipo kiiue, bali chenye nyuzi 60 chatosha kwa sekunde 5 tu. Chai iliyotoka jikoni punde yapita kipimo hicho kwa mbali, na ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yetu. Kwa hiyo hata yule mtoto aliaye aweza kuwa na mahali pasipouma katikati ya mahali panapouma. Jeraha moja kubwa mara nyingi huwa na hali zote mbili.

Jambo la ajabu, nalo ni la kutia moyo, ni kwamba mipaka ya gamba haikamiliki siku ile ya kwanza. Mwaka 1953 daktari Douglas Jackson wa Birmingham, Uingereza, alieleza kwamba jeraha la moto ni duara tatu, moja ndani ya nyingine. Ya katikati imekwisha kufa. Ya nje imevimba na kuwa nyekundu tu, nayo itapona. Ya kati kati yao iko njia panda: damu inapita humo kwa shida, na kwa muda wa siku mbili tatu yaweza kuokoka au ikajiunga na waliokufa. Kinachoamua ni matunzo. Maji safi ya kawaida ya bomba yakimwagwa juu ya jeraha kwa dakika 20 hupunguza madhara, na yangali yafaa hata ikiwa saa 3 zimepita tangu mtu aungue. Barafu haifai, maana huifungia damu njia.

Wale waliosoma Mambo ya Walawi shuleni watakumbuka kwamba sura ya 13 yataja hata ngozi iliyounguzwa na moto, na kuhani haruhusiwi kukata shauri mara moja penye mashaka. Amweke mtu kando siku saba, kisha atazame tena. Shauri la kuhani lilikuwa juu ya ukoma, si juu ya tiba, lakini daktari wa leo naye huyatazama majeraha ya moto siku ya kwanza, akayatazama tena siku ya tatu, na mara nyingi huona kitu kingine.

Sasa, je, gamba hilo lina ubaya gani, nalo limekufa? Mtu aweza kusema, liacheni lifunike, hata nyumba mbovu ni afadhali kuliko kulala nje. Hoja hiyo ilikuwa na wafuasi wengi hata miongoni mwa waganga wakubwa, nasi tutawafikia. Lakini fikirini ngozi ya ngoma. Fundi huiwamba ingali mbichi, huikaza, kisha huianika juani, nayo ikikauka hujikaza zaidi kuliko mikono yake ilivyoweza. Gamba la moto likizunguka mkono au mguu mzima hufanya vivyo hivyo, na wakati ule ule nyama iliyo chini inavimba, kwa kuwa maji ya damu huvuja kwa wingi katika siku ya kwanza. Nyama yataka nafasi na ngozi haitanuki. Damu hushindwa kupita. Vidole huwa baridi, hufa ganzi, na kwa saa chache tu mkono ambao moto uliunguza ngozi yake peke yake waweza kupotea wote. Likizunguka kifua, mgonjwa hushindwa kupanua mbavu apate pumzi. Tiba yake ni kisu: daktari hulipasua gamba kwa urefu, ubavuni mwa mkono au pande zote mbili za kifua, mpaka kingo ziachane na damu ipite tena. Yatisha kuangalia, lakini gamba lenyewe halisikii kisu, na mtu aliyekuwa akihema kwa shida huvuta pumzi hapo hapo kitandani. Hii ndiyo sababu pete, saa na bangili hupaswa kuvuliwa mapema, kabla uvimbe haujaanza.

Ubaya wa pili huchukua siku nyingi zaidi. Moto huua hata vijidudu, na saa za kwanza gamba ni safi karibu kabisa. Lakini vijidudu vilivyojificha katika mashina ya nywele huanza kupanda katika siku mbili za kwanza, na baada ya wiki hivi huja vingine vikali zaidi, vya matumboni na vya mazingira, pamoja na kile kiachacho usaha wa rangi ya kijani na harufu ya kipekee ambayo wauguzi wa wodi za moto huijua tangu mlangoni. Katika gamba vijidudu hivyo hupata chakula na unyevu, wala askari wa mwili hawawezi kuvifikia, kwa maana mishipa ya damu imeziba. Hata dawa ya sindano haifiki. Ni ghala lenye chakula ambalo polisi hawana njia ya kuingia. Vikizidi huvuka mpaka, huingia katika damu, na mgonjwa aliyekuwa akizungumza vizuri wiki iliyopita huanza kuweweseka. Pepopunda nayo hupenda nyama iliyokufa. Kwa hiyo hospitalini huulizwa habari za chanjo, nasi tusikasirike kuulizwa.

Kisha gamba halizuii hata lile ambalo watu hulidhania kulizuia, yaani upotevu wa maji. Linaonekana kavu, lakini mvuke hupita ndani yake kwa urahisi. Mtu aliyeungua sehemu kubwa hupungukiwa maji kwa njia mbili, yanayovimbisha mwili na yanayopaa. Kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole vyake ni karibu sehemu 1 katika 100 ya ngozi yake. Basi mhesabu viganja. Kwa hesabu itumikayo mahali pengi, mtu mzima wa kilo 60 aliyeungua sehemu 20 katika 100 huhitaji kutiwa maji mshipani kiasi cha lita 4.8 katika saa 24 za kwanza, na nusu yake katika saa 8 za mwanzo. Saa hizo zahesabiwa tangu alipoungua, si tangu alipofika hospitali. Familia iliyokaa kutwa ikishauriana sebuleni imekwisha kuzitumia.

Tulisema kwamba walikuwako waganga waliolipenda gamba. Mwaka 1925 daktari Edward Davidson wa Detroit, Marekani, alitangaza tiba mpya: jeraha lilowekwe asidi ya taniki mpaka ligeuke kahawia na kuwa gumu. Taniki ni jamaa moja na kile kitu kikali kilichomo katika magome ya miti, ambacho watengenezaji ngozi hutumia kuifanya ngozi mbichi iwe ngozi ya kiatu. Watu wa Rufiji na Lamu wakijua, kwani magome ya mikoko yao yalipakiwa majahazini na melini kwa kazi hiyo. Na watu wa Njombe wakijua kwa miwati yao. Davidson, kwa maneno mengine, alikuwa akimtengeneza ngozi mgonjwa wake angali hai. Wala hakuwa mjinga. Aliona kwamba jeraha likikauka hulegea maumivu na hupunguza kuvuja, na kwa miaka kumi na mitano tiba yake ilienea dunia nzima, hata ikawekwa katika masanduku ya huduma ya kwanza ya viwanda na majeshi.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyoifichua. Marubani wa Uingereza walioungua mwaka 1940 walipakwa taniki mikononi na usoni. Vidole vilivyofanyiwa gamba viligeuka vijiti; vingine vilikosa damu vikafa; kope ziliganda zisiweze kufunga macho. Archibald McIndoe, daktari mpasuaji aliyezaliwa New Zealand na aliyekuwa akifanya kazi East Grinstead, aliona kwamba marubani walioanguka baharini walikuwa na majeraha laini kuliko wale walioanguka nchi kavu wakapakwa dawa. Akaitupa taniki, akawaogesha watu wake katika maji ya chumvi vuguvugu. Baadaye ikajulikana pia kwamba taniki hupenya ikaumiza ini. Tarehe 28 Novemba 1942 klabu ya starehe ya Cocoanut Grove mjini Boston iliteketea, wakafa watu 492. Katika hospitali kubwa ya Massachusetts daktari Oliver Cope na wenzake waliwafunga majeruhi kwa vitambaa laini vyenye mafuta tu, bila kutengeneza gamba lolote. Baada ya hapo tiba ya kumkausha mtu ilififia upesi.

Lakini kuacha kutengeneza gamba si sawa na kujua la kufanya na gamba ambalo moto wenyewe umelitengeneza. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa kungoja. Gamba lililoachwa hulegea lenyewe baada ya wiki tatu au zaidi. Vijidudu na askari wa mwili huling'ata kutoka chini mpaka likaachia, na chini yake huonekana nyama nyekundu ambayo yaweza kupandikizwa ngozi. Ndivyo ilivyofanyika katika hospitali nyingi za dunia, na ndivyo ingali ikifanyika penye upungufu wa vifaa. Lakini tutazame gharama. Wiki tatu za usaha. Wiki tatu za maumivu kila vitambaa vinapobadilishwa. Na wale wenye majeraha mapana, wengi hawakuwahi kuziona hizo wiki tatu.

Aliyelibadili jambo hili hakutoka katika vyuo vyenye fahari. Alikuwa mwanamke mmoja, Zora Janžekovič, daktari mpasuaji wa hospitali ya mji wa Maribor katika nchi iliyokuwa Yugoslavia, mahali ambapo leo ni Slovenia. Katika miaka ya 1960 alianza kufanya kitu ambacho wakubwa wake wa fani walikihesabu kuwa ni ukorofi. Hakungoja. Kati ya siku ya tatu na ya tano alichukua kisu kirefu akalikwangua gamba, tabaka jembamba baada ya tabaka, kama mtu amenyavyo embe asitake kupoteza nyama yake, mpaka akafika mahali ambapo vitone vya damu hai vilichomoza. Hapo akasimama. Kila kilichokufa kimeondoka na kila kilicho hai kimebaki; kisha papo hapo akafunika kwa ngozi nyembamba iliyotolewa pajani mwa mgonjwa mwenyewe. Maumivu yakapungua, siku za kulala hospitali zikapungua, na mikono iliyofanyiwa hivyo ikakunjuka. Alipochapisha habari zake mwaka 1970, madaktari walianza kwenda Maribor kujionea. Alizaliwa mwaka 1918 akafariki mwaka 2015, na leo njia yake, pamoja na marekebisho, ndiyo njia inayofundishwa kwa majeraha yaliyozama.

Kwa nini basi haifanyiki katika kila hospitali ya wilaya? Kwa sababu ya damu. Kulikwangua gamba ni kukwangua mpaka damu itoke, na jeraha pana hutoa damu nyingi kwa dakika chache. Bila damu ya akiba, bila mtaalamu wa usingizi, bila kisu chenyewe na mkono uliozoea, daktari mwaminifu hukataa, naye ana haki. Katika msiba wa Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipolipuka watu wakiwa wamelizunguka, waliokufa walipita 100, wakiwamo waliofariki baada ya kufikishwa hospitali. Watu walijitokeza kutoa damu siku zile, jambo la sifa. Lakini majeruhi wa moto huja kila wiki bila kutangazwa redioni, mmoja mmoja, kutoka jikoni na gereji, na chupa ya damu wanayoihitaji ni ile ile. Shirika la Afya Duniani lakisia kwamba moto huua watu wapatao 180,000 kila mwaka duniani, wengi sana katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Iko njia nyingine ambayo yafurahisha kwa kuwa inatoka shambani. Kila mama wa nyumbani ajua kwamba nyama ngumu ikifungwa kwa papai bichi hulainika. Utomvu wa papai huyeyusha nyama, nao huiyeyusha upesi zaidi ile iliyokwisha kufa. Katika hospitali kuu ya Banjul, Gambia, papai lililopondwa limetumika kwa watoto walioungua, nao madaktari waliandika mwaka 1999 kwamba lilisaidia kuondoa nyama iliyokufa na kuandaa jeraha kwa kupandikizwa ngozi. Nanasi nalo lina kitu cha jamaa hiyo katika shina lake. Kimesafishwa, kikafanywa dawa ya kupaka ambayo huliyeyusha gamba kwa saa 4 na kuiacha ngozi hai mahali pake. Dawa hiyo iliruhusiwa Ulaya mwaka 2012 na Marekani mwaka 2022. Bei yake bado ni kubwa, jambo la kushangaza kwa kitu kilichotoka katika shina ambalo mkulima hulitupa. Lakini asitokee mtu akampaka mtoto papai nyumbani kwa sababu amelisoma hapa. Watoto wa Banjul walikuwa wodini, wana maji mshipani na muuguzi kando yao.

Tukiwa hapo, tuseme habari ya vile tunavyovipaka. Dawa ya meno, ute wa yai, unga wa ngano, majivu, masizi, na yale manyoya ya sungura ambayo huuzwa hata mijini. Nia ni njema, wala hatuwacheki wazazi wenye hofu. Ubaya wake ni kwamba vyote hivyo hutengeneza gamba la bandia juu ya gamba la kweli. Hushika joto ndani, huleta vijidudu, na daktari hulazimika kuvikwangua kwanza, mtoto akipiga kelele, ndipo apate kuona kilichopo chini. Asali ni habari nyingine. Uchunguzi umeonyesha kwamba husaidia majeraha mepesi. Lakini nani anajua, saa ile ya kwanza, kama jeraha ni jepesi? Maji kwanza, kisha kitambaa safi kisichonata, kisha safari. Hata dawa nzuri za hospitali zaweza kutatiza: ile krimu nyeupe yenye madini ya fedha, iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1960, huacha utando wa kijivu ambao mtu asiyezoea huudhania kuwa gamba.

Wafanya kazi wa viwandani wanayo magamba yao maalumu, na kwa hayo twaomba wasimamizi wasikilize. Mtu akishikwa na umeme mkubwa, pengine pataonekana kidonda kidogo tu kiganjani, cheusi, kikavu, kisichouma, sawa na sarafu. Hicho ni mlango. Umeme umeingia humo ukapita ndani ya mkono kwa njia ya misuli na mishipa, na nyama iliyokufa iko kule chini, mbali na macho. Mkojo wake ukiwa mweusi kama chai ya rangi, mabaki ya misuli iliyokufa yameanza kuziba figo. Mtu huyo asirudishwe kazini kwa sababu eti kidonda chake ni kidogo.

Asidi, kama ile ya betri, huigandisha ngozi ikafanya gamba, na gamba hilo kwa kiasi fulani huizuia asidi isizidi kushuka. Kinyume chake ni chokaa, kostiki ya kutengenezea sabuni, na saruji mbichi. Hizi hazifanyi gamba gumu. Huigeuza ngozi ikawa laini na telezi, nazo huendelea kuzama kwa saa nyingi. Kibarua aliyepiga magoti katika zege tangu asubuhi huhisi mwasho kidogo tu mchana, na jioni akivua suruali hukuta magoti yamechimbika. Dawa ni kuvua nguo na kumwaga maji mengi sana, tena kwa muda mrefu, bila kungoja maumivu. Kiwanja cha ujenzi kisicho na pipa la maji safi kwa kazi hiyo kimepungukiwa, hata kama kina kofia za kutosha. Na kwa upande wa haki, Tanzania Bara inao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Ajali ya moto kazini ni ajali kama nyingine, nayo hupaswa kuandikishwa siku zile zile, si baada ya kovu kukomaa.

Kovu lenyewe ni sura ndefu. Jeraha lililoachwa lijifunge lenyewe hujifunga kwa kujivuta, na huvuta kila lililo karibu: kidevu kikaja kifuani, kiwiko kikakunjwa, vidole vikalala kiganjani visiinuke. Mgonjwa hupenda kulala amekunja mkono kwa kuwa hapo panamtuliza, na hapo ndipo kovu humkuta. Kwa hiyo mkono hufungwa umenyoshwa, kwa kibao au kwa plasta, usiku na mchana, kisha hufanyizwa mazoezi yaumizayo kwa miezi mingi. Nyumbani kazi hiyo huwaangukia mke, mama au dada, nao wanastahili kufundishwa na hospitali kabla mgonjwa hajaruhusiwa, si kupewa karatasi tu.

Ngozi iliyopandikizwa pia haifanani na ile iliyopotea. Kwa kuwa ni nyembamba, haikuja na vifuko vya jasho wala vya mafuta. Hukauka, huwasha usiku, hupasuka isipopakwa mafuta, nayo huungua juani upesi. Mahali hapo mwili hauwezi kujipoza kwa jasho. Mwokaji mikate au mfua vyuma aliyepandikizwa ngozi mikononi na kifuani atachoka mbele ya tanuru mapema kuliko wenzake, kwa sababu joto halina pa kutokea. Msimamizi amrudishaye kazini yafaa alijue hilo kabla hajamwita mvivu.